Mgonjwa Hajichimbii Dawa

Dubu alikuwepo, na uchovu wake ulikuwepo. Kila mnyama aliyeshikwa na mafua alimwendea yeye amchimbie mzizi. Siku moja akaja Bweha, pua imeziba kabisa.

“Bibi Dubu, nisaidie.”

“Nimechoka, mjukuu wangu. Kachimbe mwenyewe. Ipo mizizi miwili inayofanana kama mapacha, mmoja dawa, mwingine sumu. Wenye harufu kali ndio dawa.”

Bweha akachimba yote miwili. Akanusa huu, akanusa ule, asisikie harufu yoyote. Akabahatisha.

Walipomzika, Dubu alikumbuka agizo la marehemu mama yake, alilodhani ni la kumchosha tu: mgonjwa hajichimbii dawa.

Kesho yake Sungura alipiga chafya. Dubu akaguna, akainuka, akaenda kuchimba.