Mzigo Ukae Mbele

Spana ya magurudumu ilimpata fundi begani, akaanguka chali mbele ya bampa la pikapu.

"Nimekuita utengeneze gari," alisema Nyundo. "Sikukuita uchungulie madirisha ya nyumba yangu."

Nyundo si jina alilopewa na mama yake. Alilipata mtaani kwa ngumi zake, na analipenda kweli kweli. Mkewe ni dada wa fundi, tumbo moja, na tangu wiki iliyopita alikuwa amefungiwa chumba cha uani, mkono umevunjika, kufuli kubwa mlangoni. Kosa lake? Alisema anataka kurudi kwao. Polisi? Nyundo anakunywa nao, nani ataandika kesi! Nje ya geti walikaa wapwa zake wawili na mbwa. Hapo hakitoki kitu bila wao kukikagua, labda awe Nyundo mwenyewe na gari lake.

"Nikirudi kutoka kupeleka hii boti, nammaliza dada yako," alisema, akifuta spana kwenye suruali. "Ukawaambie kwenu waanze kuchimba kaburi kabisa."

Fundi alitema damu, akajivuta chini ya pikapu. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na ukuta wa chumba kile. Aligonga ukuta mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Kisha kutoka ndani, taratibu, pakagongwa mara moja. Dada yu hai! Fundi alilia huko huko chini, machozi na grisi usoni, halafu akaanza kazi.

Pikapu yenyewe ilikuwa imechoka. Breki zilikuwa zimelika mpaka chuma, na trela ya boti ilikuwa na taa moja tu. Njia ya kwenda kwa mteja aliyenunua boti ina mteremko mrefu wenye kona mbaya chini yake, na pembeni ya kona ni korongo. Pini moja tu ilegezwe, boti ingemsukuma Nyundo humo, na nani angeuliza maswali? Gari kuukuu, mzigo mzito, basi. Fundi alimchukia yule mtu, lakini akafunga pedi mpya za breki.

Nyundo naye hakuwa mjinga. Alirudi kutoka ndani, akasimama juu yake hadi kazi ikaisha.

"Unadhani sijui unachowaza? Ukinichezea, nitakufa na wewe."

"Kama huniamini, shemeji, kaijaribu mwenyewe. Bila boti. Panda hadi kule mlimani, ushuke, ukanyage breki kwa nguvu zako zote."

Nyundo alimtazama, akacheka, akampiga kofi la nguvu bila sababu yoyote, kisha akaingia garini. Wapwa walimfungulia geti, wakalifunga nyuma yake. Fundi akabaki uani na bisibisi yake, boti, turubai, na mlango ule ambao bawaba zake zilikuwa kwa nje.

Nyundo aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Zinakamata! Nilikuwa nimejiandaa kukuvunja miguu."

"Kazi ni kazi, shemeji."

Nyundo alirudisha pikapu kinyumenyume hadi kwenye trela, akashuka kunyanyua mkono wa trela mwenyewe ili kuufunga. Akaguna.

"Mbona nzito? Jana niliinyanyua kwa mkono mmoja."

"Nimesogeza mzigo mbele. Nanga, matangi, vyote. Mzigo ukikaa nyuma trela inayumba, inakupeleka mtaroni."

"Na hili turubai umelikaza hivi kwa nini?"

"Mteja hataki vumbi. Amesema ufike nayo hadi ndani ya uwanja wake, na asilifungue mtu mpaka afungue yeye. Nimekwambia namjua vizuri. Ana vijana wa miraba minne, watakupokea."

"Mteja ana maringo kama bibi harusi," alisema Nyundo.

Kabla ya kuondoka alikwenda chumba cha uani. Alilivuta kufuli, lipo. Akaupiga mlango teke hadi bawaba zikalia.

"Unasikia, wewe? Usilale. Narudi!"

Hakuna aliyejibu. Fundi aliendelea kukaza kamba ya turubai.

"Amenuna," Nyundo alisema, akicheka. "Safi. Ameanza kupata adabu."

Fundi alipiga magoti akapitisha minyororo miwili chini ya trela, akaikutanisha kama mikono ya mtu aliyejikumbatia, ili trela ikichomoka isianguke. Akaweka pini, akaiwekea kifungo, akakivuta kuhakikisha. Akavuta tena. Akajaza upepo matairi yote, akawasha taa zote, pamoja na ile mbovu ya trela aliyoitengeneza. Damu ya begani ilikuwa imeshika shati, naye hakuijali.

"Kwenye mteremko weka gia ndogo," alisema dirishani. "Usikimbize. Mashimo uyapite polepole. Nakuomba, shemeji."

"Looo! Leo unanionea huruma!"

"Nakuomba."

Nyundo alimtemea mate, akawasha gari. Wapwa walikimbia kufungua geti na kumpigia saluti bosi wao. Mbwa alipoiona boti alianza kubweka kama kichaa, akaruka akitaka kuparamia turubai, mpaka mmoja wao akampiga teke la mbavu.

"Mjinga huyu, hata boti hajawahi kuiona!"

Fundi alitembea kando ya trela hadi getini, mkono ukiwa juu ya ubao wa boti. Hapo akagonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi.

Kutoka chini ya turubai, pakagongwa mara moja.