Saa Moja Bila Kufoka

Bakuli la mlenda lilipiga ukuta, mlenda ukachuruzika juu ya kalenda ya kanisa. Kosa la Anitha lilikuwa kugonganisha vijiko.

Obedi mwenyewe aliduwaa, mkono ungali hewani. Hombolo nzima ilimjua kwa upole. Hata ng'ombe wa jirani wakivamia mizabibu yake aliwatoa kwa maneno tu. Leo kijiko kinamtoa roho. Kisha akaanza kulia, na kilio nacho kikamkasirisha.

Daktari aliwaonya tangu siku ya ajali. Fuvu ni zima, alisema, ila ubongo umetikisika. Atasahau, atafoka, atalia, na itachukua miezi. Lakini nani ana subira na ugonjwa usioonekana? Ukivunjika mguu watu wanakuletea uji. Ukitikisika ubongo wanasema unadeka.

"Naenda na watoto Mpwapwa, kwa mama," Anitha alisema jioni hiyo. "Sijakuacha, baba Ruthu. Siku utakayoweza kukaa na mtu saa nzima bila kumfokea, nipigie. Nitakuja nione kwa macho yangu."

Saa nzima! Kaka yake Obedi alimaliza dakika nane kabla ya kufokewa. Mchungaji alimaliza sala moja, nayo fupi. Obedi alilala akijichukia, akaamka akijichukia zaidi.

Siku ya tatu alibisha hodi Hanifu.

"Mgogo mbishi, bado hujafa?" alisema mlangoni, chupa ya maziwa mkononi. "Mtani wako Mnyamwezi nimekuja kuzika. Usiniambie hunikumbuki."

Obedi hakumkumbuka. Mwezi mzima wa kabla ya ajali ulikuwa umefutika, na ajali yenyewe aliijua kwa kusimuliwa na Anitha, aliyekuwa naye barabarani: pikipiki, kishindo, vumbi. Aliona aibu kuuliza. Mtu anamsahauje mtani wake?

"Nakukumbuka, Mnyamwezi wewe," alidanganya, akamkaribisha ndani.

Hanifu alikuwa na mdomo, Mungu amsamehe. Babu zake, alisema, walikatiza Ugogo na mizigo ya misafara vichwani, wala hawakuanguka. Mwenzake kaanguka akiwa amebeba kofia. Alisema hayo huku akiosha vyombo na kufagia. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kila akija aliuliza lile lile.

"Vipi, ubongo umerudi? Umekumbuka lolote?"

Obedi akijibu bado, Hanifu anamwita kichwa maji, anammiminia maziwa.

Ilimchemsha, sikufichi. Kuna siku alikunja ngumi chini ya shuka mpaka kucha zikamchoma. Lakini mtani hanuniwi; ukimnunia mtani, utachekwa mpaka na wajukuu. Basi Obedi akauma meno, akahesabu pumzi, akatafuta tusi la kurudisha. Siku ya tisa alipata moja tamu, akacheka peke yake kabla hajalisema. Hakuwa amecheka tangu agongwe. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini. Wiki ya tano saa ilitimia, na hata kichwa hakikumuuma.

"Mke wangu, njoo," alisema kwenye simu. "Nimeweza."

Obedi hakumwambia Hanifu kitu. Alitaka Anitha awakute hivyo hivyo, bila maandalizi, asije akasema wamepanga.

Anitha alishuka kwenye basi Jumamosi. Alipofika uani alisikia kicheko cha mumewe, kile cha zamani, alichokuwa ameshakikatia tamaa. Akatua mzigo pale pale, akaingia haraka, machozi yakimlengalenga.

Obedi alisimama, akamwonyesha saa ya ukutani kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Saa nzima, mama Ruthu. Ananitukana saa nzima na sijamfokea. Msalimie mtani wangu."

Anitha hakusalimia. Tabasamu lilimwisha usoni.

"Baba Ruthu," alisema taratibu, "huyu ndiye aliyekugonga akakimbia."

Hanifu aliweka kikombe chini. Safari hii hakukimbia.