Biringanya za Ijumaa

Mbavu alimkonyeza mpishi, mpishi akamkonyeza Mbavu, na mke wa Mbavu akajifanya anasoma menyu.

"Ile ile?" mpishi aliuliza.

"Ile ile," walijibu wote wawili.

Mbavu ni kinyozi. Jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu mazungumzo yake yote, hata yaanzie kwenye siasa au mpira, yalikuwa yakiishia kwenye mbavu za ng'ombe. Sasa yalikuwa yamebaki mazungumzo tu. Daktari alikuwa amemwambia damu yake ina mafuta ya kutosha kukaangia viazi, na kwamba akitaka kuwaona wajukuu aachane na nyama. Mkewe, fundi cherehani, mwanamke aliyezoea kugombea uboho na mumewe mezani bila aibu, alisema palepale: "Akiacha yeye, naacha na mimi. Hawezi kuteseka peke yake." Mbavu alilia mpaka daktari akampa kitambaa.

Nyumbani ikawa mchicha, maharage, mchicha. Kabla mwezi haujaisha wakagundua mkahawa wa huyu mpishi, Mgiriki, mahali ambapo mtu asiyekula nyama hahurumiwi. Kuna maharage makubwa yaliyookwa na nyanya, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, jibini ya chumvi, na mtindi wa matango na kitunguu saumu unaofukuza majirani. Na kuna musaka: biringanya zilizopangwa tabaka kwa tabaka, dengu katikati, na juu mchuzi mzito wa maziwa uliookwa mpaka ukafunika kila kitu.

Huo mchuzi ndio uliompa Mbavu wazo. Siku mpishi alipokuja kunyolewa, alimwinamia sikioni. "Ndugu yangu, chini ya ule mchuzi nani anajua kuna nini? Yangu itie nyama ya kusaga. Nitakunyoa bure." Mpishi alicheka kupita kiasi, wakapeana mikono.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Mbavu ilikuwa imeingia mwezi wa tano na mwisho wake hauonekani. Kila Ijumaa alikula macho nusu yamefumba, akifaidi utamu wa kitu cha wizi. Mpishi huyu ana mkono, alijiambia. Nyama anailainisha mpaka huwezi kuihisi. Mkewe alikula yake kimya, akakwangua sahani, akaomba kijiti cha meno. "Maganda ya biringanya yananasa," alisema. Hata magauni yake alikuwa ameanza kuyaachia mishono, kwa kuwa dengu, alivyoeleza, zinajaza. Tena ana roho nzuri. Aproni zote mpya za mpishi alizishona yeye, wala hakudai chochote.

Ijumaa hii Mbavu hakuwa na raha. Asubuhi daktari alikuwa amesoma majibu ya vipimo, akayarudia, akamtazama juu ya miwani. "Damu ya kijana," alisema. "Chochote unachokula, endelea nacho."

Mtu mwingine angecheza ngoma. Mbavu aliingiwa na huzuni. Alikijua alichokuwa akila, na alijua hakilingani na majibu yale. Basi nini kilichomponya, kama si sala za mkewe? Huyu mama amekula dengu muda wote huu kwa ajili yangu, aliwaza, na mimi namzunguka mbele ya uso wake. Alijiona mshenzi, na kwa kweli alikuwa mshenzi. Alitaka kukiri. Akakumbuka kwamba mkewe hutembea na mkasi wa kazi mkobani.

Sahani zikaja. "Hii ya bosi," mpishi alisema, "na hii ya mama." Zilifanana kama mapacha.

"Usije ukachokoachokoa yangu," mkewe alimwonya, kama alivyomwonya kila Ijumaa, akainuka. "Msimu wa maembe unaisha. Ngoja nikamwambie shemeji atuwekee bakuli mbili."

Shemeji ni mke wa mpishi, Mhindi, na vitu vitamu vya mkahawa ni vya kwake: embe lililopondwa, mtindi uliochujwa kwenye kitambaa mpaka ukawa mzito, iliki kidogo, basi. Joto likizidi huongeza tikitimaji lenye limau na nanaa. Mke wa Mbavu huenda jikoni kila wiki kuuliza lile embe linatengenezwaje, na huko hukawia sana. Nyumbani bado hajalitengeneza.

Mbavu aliitazama sahani yake, akaitazama ya mkewe. Ujasiri wa kukiri hakuwa nao, lakini mikono alikuwa nayo. Akazibadilisha. Leo mama atakula nyama, alisema moyoni, na akiuliza nitaapa mpishi amekosea. Mimi nitakula dengu zake, nionje alichovumilia kwa ajili yangu. Machozi yalimlengalenga.

Mkewe alirudi, akaketi, akatandaza kitambaa mapajani. Mbavu alikata kipande kikubwa, cha mtu anayetubu, akakitia mdomoni na kukaza moyo.

Meno yake yakakutana na kitu kinachokataa kutafunwa haraka, kitu chenye mafuta na nyuzi zake. Ulimi ukashtuka. Ulikuwa haujaonja kitu kama kile tangu siku ile kwa daktari.

Ng'ambo ya meza mkewe naye alikuwa ametafuna mara moja akaacha. Aliiangalia sahani iliyokuwa mbele yake. Akaiangalia ya mumewe. Hakupaza sauti, wala hakuona haya.

"Mzee," alisema, "hizi dengu ni zako. Nirudishie nyama yangu."