Aliyemuuza Baba

Numbi alisoma hadi chini ya karatasi. Hapakuwa na sahihi. Palikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba, iliyokatwa katikati na kovu lililopinda kama ndoano.

Kovu hilo alilijua. Kidole chenyewe kilimlisha bukari, ugali wa kwao, utotoni, na sasa kilikuwa mkononi mwa mama yake, juu ya meza, kando ya faili.

"Soma, mwana," mama yake alisema. "Ni nani aliuzisha baba yako?"

Walikuwa wametoka mtaani kwao Anderlecht kwa treni ya metro asubuhi, wakaja kwenye hifadhi hii ya nyaraka za wakoloni kwa swali hilo moja tu. Mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, polisi wa kikoloni walivamia nyumba ambamo baba yake na wenzake walipanga mgomo wa kudai uhuru huo. Baba hakurudi. Mama, ambaye hakuwahi kukanyaga shule, alimlaani msaliti kila alfajiri tangu siku hiyo.

Karatasi ilisema kwa Kifaransa kwamba nyumba ilitajwa na mke wa mtuhumiwa.

"Bon, Maman, hawakuandika jina."

"Bazungu? Bale balikuwa banaandika hata majina ya kuku!"

Akaivuta faili, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akaweka kidole chake pembeni ya ile alama.

"Numbi, hii ni kidole yangu. Nilibonyeza siku polisi alinipa maziwa yako, alisema ni ya kuonyesha nimepokea, ulikuwa mutoto muchanga. Sasa inafanya nini mu kartasi ya baba yako?"