Besi ya Jelagat

Siku hizi kila tuni ina mwenyewe, na kila nyumba ina sikio ukutani. Ukipiga au kuimba tuni ya mwingine, sikio huimeza, usisikie chochote.

Jelagat wa Eldoret alitafuta tuni ya gitaa la besi ya kuoanisha muziki wa kantri na wa panki. Alijaribu mwendo wa kantri, ule wa farasi asiye na haraka, kimya. Akautwanga uzi mmoja kipanki, kimya. Mwishowe vidole vilivyochubuka vikajiendea vyenyewe, polepole kisha kwa kasi ya hasira, na gitaa likanguruma. Taa ya kijani ikawaka ukutani: tuni mpya, mali ya Jelagat.

"Mama, nimeipata!"

"Mbona ni kama ile ninayoimba nikikoroga uji?" mama yake akacheka. "Niliirithi kwa nyanya yako, hakuna aliyewahi kuisajili."

"Yangu ina mbio, Mama."

Asubuhi iliyofuata jikoni kulikuwa kimya. Mama yake alikoroga uji huku midomo ikicheza, wimbo hautoki.

"Basi niimbie wewe," alisema hatimaye. "Si ni yako sasa?"

Jelagat akafungua kinywa. Aliyoikumbuka ni ile yenye mbio tu.