Kopo la Maziwa Kwenye Antena

Wazee wote mjini walipewa visikizi vya bure vya kuwasaidia kusikia, ila matangazo yalinong'ona ndani yake mchana kutwa, na mzee akaishia kuyasema kama maneno yake mwenyewe. Bi Kidawa aliweza kukatiza dua akasifu sabuni.

Binti yake Zawena akachoka. Akafumua feni mbovu, akazungusha waya wake wa shaba kwenye kalamu, akaufungia ndani ya kopo la maziwa, akauunga kwa risasi ya kuyeyusha kwenye antena ya nyumba iliyoleta matangazo hayo. Kila alipobana mizunguko, tangazo moja lilikatika: sabuni, mikopo, bima ya mazishi, unga.

"Mama, wanisikia?"

"Vizuri mno, Zawena wangu. Leo kumetulia."

Wakacheka, wakasengenya majirani hadi chai ikapoa.

Kesho yake Zawena alirudi kutoka kazini jioni, akavua viatu, akangoja. Mama akamtazama kwa mapenzi, akanyamaza. Kila siku hapo ndipo alipokuwa akimuuliza kama amekula.

Zawena akaliendea kopo, akapanua mzunguko mmoja kwa ukucha.

"Umekula, mwanangu?" mama akauliza.

"Bado, mama," akajibu haraka, kabla mama hajafika kwenye jina la unga wa tangazo.