Aliyeandika Moja

"Mwanangu, usilifungue faili hilo," mkuu wa idara alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini.

 Binti mwanaprogramu alichomeka diski kwenye kompyuta ya bosi wake, mbele ya wakurugenzi wawili aliowaita mwenyewe. Siku hii alikuwa ameingoja miezi minane.

Miezi minane, tangu mdogo wake alipogongwa na lori. Wapita njia walipiga simu kuomba gari la wagonjwa, na simu ikakwama kwenye mtambo wa idara hii dakika kumi na moja. Kijana alikata roho pale pale barabarani.

Mtambo ulifanya kazi nyingi kwa pamoja, kila kazi na uzi wake, yaani njia yake ya kupitia, kila uzi na namba yake ya kipaumbele. Kwenye mtambo wa zamani, moja ndiyo iliyotangulia. Kwenye huu mpya hutangulia kumi. Moja husubiri wenzake wote washibe. Wiki ya kuhamia mtambo mpya, idara nzima ilishinda ikijaza namba hizo. Mtu akaupa uzi wa simu za dharura namba moja, na uzi wa ripoti za mkuu namba kumi.

Mkuu aliiambia familia kuwa ni hitilafu ya mtambo. Kisha kumbukumbu za mabadiliko zikafutwa, na aliyezifuta ni yeye. Tangu hapo dada mtu alimwamkia kila asubuhi kwa adabu, moyoni akimtakia mabaya. Alitaka afukuzwe, ashtakiwe, naye aonje.

Asubuhi hiyo fundi wa nakala za akiba alikuwa amemletea kumbukumbu zile kwenye diski. Binti hakutaka kuzifungua peke yake. Alitaka kuuona uso wa mzee.

"Kosa ni langu," mkuu aliwaambia wakurugenzi. "Naandika barua ya kujiuzulu sasa hivi. Ila faili lisifunguliwe."

"Umechelewa, mzee," binti alisema, akabonyeza.

Mstari mmoja ulitokea kwenye kioo. Tarehe ilikuwa ya wiki ile ya kuhama. Uzi wa simu za dharura: moja. Mbele yake, jina la aliyebadilisha.

Alilisoma mara mbili. Lilikuwa lake mwenyewe.

Mkuu alikuwa ameshamsogezea kiti.